Jinsi ya Kuhamisha Maktaba ya Watu Bila Kuisoma

Karibu, vuta kiti, funga na mlango. Haya si mambo ya kusemwa mbele ya mkuu wa kitengo.

Umeambiwa uhamishe maktaba. Si ya vitabu. Ni lile fungu la msimbo lililoandikwa na watu wengine, la kubana mafaili, kufungua picha au kuongea na mtandao, ambalo kila programu hulitegemea na hakuna aliyelisoma. Limezaliwa Linux, limekulia Linux, na sasa linatakiwa likafanye kazi kwenye mfumo endeshi ambao hata wenzako wa ofisini hawajausikia. Kwa mfano wetu tuchukue Genode, kiunzi cha kujengea mifumo endeshi kinachotengenezwa Dresden, Ujerumani, na kampuni ya Genode Labs iliyoanzishwa 2008. Nimekichagua kwa sababu waliokitengeneza ni watu makini mno, na ujanja hauonekani uzuri wake mpaka ufanywe mbele ya watu makini.

Njia ndefu ipo: unausoma msimbo, unaelewa unaomba nini kutoka kwa mfumo, unaupatia kimoja baada ya kingine. Watu huipita njia hiyo na hufika. Mwongozo huu ni wetu sisi tunaotaka kufika kabla ya Ijumaa.

1. Tangaza kikubwa, leta kidogo

Usiseme kamwe "nahamisha zlib". Kila mtu anaijua zlib: iliandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ikatoka 1995, ni C tupu, haitaki chochote ila kumbukumbu kidogo na kuachwa kwa amani. Sema, "Nahamisha mfumo mzima wa programu za picha." Mfumo huo ukifunguliwa utakutwa na zlib, na juu yake libpng, ambayo haiwezi kuishi bila zlib, basi. Hujasema uongo. Umeacha tu watu wafikiri wenyewe.

Usiahidi Qt, lile fungu kubwa la kujengea madirisha ya programu. Usiahidi kivinjari cha wavuti. Ukimsikia mwenzako ameahidi kivinjari mkutanoni, mpe pole, kisha hamisha kiti chako.

2. Kifurushi, alama na leseni

Genode haihifadhi msimbo wa watu kwenye hazina yake. Wewe unaandika faili fupi lenye mkia wa .port, unataja leseni, toleo, anwani ya kupakulia, na SHA, yaani alama ya kidole ya kifurushi. Kisha unaita chombo kiitwacho prepare_port. Kinapakua, kinalinganisha alama, na kifurushi kikiwa kimeguswa njiani kinagoma.

Kikigoma, tulia. Chukua alama ya hicho ulichokipakua, ibandike juu ya ile ya zamani, ita tena. Kitakubali kwa furaha. Sasa alama inathibitisha kwamba ulichonacho ndicho ulichonacho, na nani atakupinga?

Atatokea mtu mwenye wasiwasi atakayekutajia xz, maktaba nyingine ya kubana mafaili. Mwache amalize. Ni kweli kwamba Machi 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yaligunduliwa kuwa na mlango wa nyuma, na kwamba kipande muhimu cha mtego kiliwekwa ndani ya kifurushi cha kupakua tu, bila kuonekana kwenye hazina ya wazi ya msimbo. Lakini mjibu hivi: alama ya kifurushi kile ilikuwa sahihi! Aliyeufichua mtego ni Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia kwa SSH kunachelewa nusu sekunde. Kwa hiyo ukaguzi wa alama haukusaidia, kwa hiyo hatuuhitaji. Ni hoja mbovu kabisa. Ila ina nambari za toleo ndani yake, na hoja yenye nambari za toleo haipingwi mkutanoni.

Kwenye mstari wa leseni andika ile uliyoiandika mara ya mwisho. Leseni ya zlib ni fupi kiasi cha kusomwa maji ya chai yakisubiri kuchemka, na moja ya masharti yake machache ni kwamba ukiubadilisha msimbo useme wazi kuwa umeubadilisha. Wahenga walisema usilolijua litakusumbua. Wahenga hawakuwa na wanasheria.

3. Mhoji asiyehusika

Maktaba nyingi za zamani huja na mpelelezi wao, hati iitwayo configure. Kazi yake ni kuuchunguza mfumo: una hiki? una kile? Huandika viprogramu vidogo, huvipitisha kwenye kompaila, na vingine huviendesha ili aone majibu. Tatizo ni kwamba unajenga kwenye laptopu yenye Linux kitu kitakachoishi kwenye mashine nyingine, na kiprogramu kilichojengwa kwa ajili ya mashine ile hakiendeshwi hapa. Mpelelezi amefika, mshukiwa yuko nchi ya mbali.

Basi mhoji aliyepo. Endesha configure kana kwamba unajenga kwa ajili ya Linux, chukua faili la config.h lililozaliwa, lipeleke Genode kama lilivyo. Hata mwongozo halisi wa Genode unashauri uanze kwa kuijenga maktaba kwenye Linux, uone ni mafaili gani yanahusika na kompaila inapewa maagizo gani. Sisi tunauheshimu ushauri huo, tunauheshimu kiasi kwamba hatuendi mbele zaidi.

Sasa config.h yako inaapa kwamba kuna epoll, kitu cha Linux, ilhali libc ya Genode ina asili ya FreeBSD. Inaapa kwamba long ina baiti 8, na kibao chako cha ARM cha biti 32 kina baiti 4. Na kuhusu char haisemi lolote. Kwenye laptopu ya Intel, char hubeba namba hasi. Kwenye ARM kwa kawaida haibebi, kwa hiyo ile if inayoisubiri −1 itasubiri hadi kiama. Usiguse kitu. Haya yote yatajitokeza baadaye, kwa mtu mwingine, yakiwa na sura ya ubovu wa mashine.

4. Kata ndugu

Maktaba haihami peke yake. Huja na tegemezi zake, na tegemezi zina tegemezi zao. Dawa ni kuziita zote "za hiari". Chukua curl, ile ya Daniel Stenberg, inayojua itifaki zaidi ya 20. Mpe configure wake neno --without-ssl na hutahitaji tena kuhamisha OpenSSL, maktaba ya usiri. Endelea kuzima: hiki hapana, kile hapana. Ukimaliza utabaki na curl inayoweza kuleta ukurasa wa HTTP usiofichwa kutoka kwenye seva iliyo mezani kwako. Andika kwenye ripoti: "curl imehamia." Imehamia, haikuja na mizigo tu.

5. Maonyo

Kompaila ataanza kunung'unika. Mpe -w. Maonyo yote yatanyamaza, ya kipuuzi na ya maana pamoja, bila ubaguzi.

Tahadhari moja kwa vijana: tangu GCC 14 ya mwaka 2024, kuita fankisheni isiyotangazwa kokote kwenye C si onyo tena, ni kosa linalosimamisha kazi. Zamani kompaila alidhani tu kwamba fankisheni hiyo inarudisha int, na kama kweli ilikuwa inarudisha anwani ya kumbukumbu ya biti 64, nusu ya anwani ilipotelea njiani. Zama nzuri zile. Habari njema ni kwamba ukimpa -fpermissive zinarudi.

6. Chonga vinyago

Hapa ndipo sanaa yenyewe ilipo, kwa hiyo twende polepole.

Kompaila amemaliza. Linka naye anakuletea orodha ndefu ya majina asiyoyapata: fankisheni ambazo maktaba inaziita na mfumo mpya hauna. Msomi angekaa na orodha ile, aulize kila jina lina kazi gani. Wewe ipeleke kwenye kihariri, na kwa kila jina chonga kinyago: fankisheni yenye jina sahihi, vigezo sahihi, na tumboni mstari mmoja tu, return 0. Linka atatabasamu. Saa moja iliyopita ulikuwa na makosa mia, sasa huna hata moja.

Usije ukaiga kinachofanywa Dresden. Wao huchukua draiva za Linux, za USB au za Wi-Fi, na kuziendesha ndani ya Genode, na kwa fankisheni za kerneli ambazo draiva haitarajiwi kuzifikia nao huchonga vinyago. Wana hata chombo cha kuvichonga kwa wingi. Lakini vinyago vyao vina tabia ya kukera. Kimoja kikiguswa kinapiga kelele jina lake kwenye logi na kuisimamisha programu papo hapo. Kila mtu anajua nini kimekosekana na wapi. Hapo utaficha nini?

Sifuri ni bora mara elfu, kwa sababu kwenye C sifuri hukubali kila unalotaka kusikia. Maktaba ikiita fsync ihakikishe data imefika kwenye diski, kinyago chako kinajibu sifuri: imefika, salama salimini. Ikiita pthread_mutex_lock ifunge mlango wakati inafanya kazi, sifuri: umefungwa, hakuna atakayeingia. Ikiuliza kwa getuid inaendeshwa na nani, sifuri maana yake ni root, mfalme wa mashine, na hapo maktaba iliyokuwa na haya itaanza kufanya mambo makubwa. Ukichonga ya kulinganisha maneno, strcmp, sifuri inasema maneno mawili yanafanana, hivyo kila nenosiri ni sahihi na hakuna mteja atakayelalamika kwamba amesahau lake. Hata OpenSSL, ikikagua cheti cha tovuti na kukikuta safi, jibu lake ni thamani iitwayo X509_V_OK. Sifuri vilevile.

Isipokuwa malloc. Malloc ikirudisha sifuri inamaanisha kumbukumbu imekwisha, na programu itakufa mikononi mwako, mbele ya watu. Hiyo andika ya kweli. Mjanja anajua pa kufanya kazi.

Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, na hiyo ndiyo sababu ya kutoandika popote ni vinyago gani ulivyovichonga. Waachie wengine nafasi ya kutishika.

7. Nasibu na saa

Maktaba za usiri zina udhaifu mmoja: zinataka namba za nasibu, na huenda kuzitafuta /dev/random. Kwenye Genode hakuna faili la namna hiyo mpaka uliweke mwenyewe. Kila programu huona tu mafaili yaliyotajwa kwenye usanidi wake. Ungeweza kuunganisha chanzo cha kweli cha nasibu, na kipo. Lakini usanidi huohuo hukuruhusu kubuni faili na kuandika yaliyomo hapohapo. Andika 0123456789. Ni namba. Kama ni za nasibu au la, hilo ni suala la mtazamo.

Usiogope, waliokutangulia wapo. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL kwenye Debian, akiwa na nia njema kabisa, aliona chombo cha kukagua kumbukumbu kinailalamikia mistari miwili. Akaizima. Malalamiko yakakoma. Pamoja nayo ikakoma karibu nasibu yote: kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, ambayo kikomo chake cha kawaida kilikuwa 32,768. Debian, na Ubuntu iliyotoka ubavuni mwake, zikatengeneza funguo za siri kutoka kwenye kapu hilo dogo hadi Mei 2008, mambo yalipofichuka na watu dunia nzima wakaanza kuchoma funguo zao na kutengeneza upya. Zingatia lakini somo letu: programu ilijengeka, majaribio yalipita, na kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu maonyo hayakuonekana. Mtunzaji yule alifanya kwa bahati mbaya kile ambacho wewe sasa unaweza kukifanya kwa makusudi.

Saa nayo ibuni vivyo hivyo. Chagua tarehe moja nzuri, iandike, wakati usimame. Cheti cha usalama kilichokuwa hai siku hiyo kitakuwa hai milele.

8. Mpe kila kitu

Fahari ya Genode ni ubahili wake: programu haipati kitu isipokuwa ile iliyo juu yake imekubali kuipa. Mtandao kwa ruhusa, diski kwa ruhusa, skrini kwa ruhusa. Maktaba yako ikikataa kuanza, sababu mara nyingi ni kwamba imenyimwa kitu, na kukitafuta kitu hicho kunachosha. Usitafute. Upo mstari wa usanidi unaosema huduma yoyote iombwe kwa mzazi, au kwa mtoto yeyote mwenye nayo. Uweke. Miaka mingi ya utafiti wa usalama imekaa kimya kwa mstari mmoja. Ukiulizwa, sema ni wa muda. Kila kitu duniani ni cha muda.

9. Jaribio

Lazima uonyeshe jaribio, la sivyo watakushuku. Andika programu inayoita zlibVersion na kuchapisha jibu. Ikitokea nambari ya toleo kwenye skrini, piga picha. Wakubwa hupenda skrini nyeusi yenye maandishi. Hakuna atakayeuliza kama ulijaribu kubana faili na kulifumua likarudi vilevile.

Liendeshe jaribio hilo Genode ikiwa juu ya Linux, maana inaweza kukaa juu ya kerneli mbalimbali: NOVA, seL4, na Linux yenyewe kwa ajili ya kurahisisha kazi. Ikipita pale, andika kwamba imepita "kwenye Genode". Kerneli gani, mashine gani, ni maswali ya wenye wivu.

Na akitokea mtu kusema msimbo uliofanya kazi mahali pa kwanza lazima ujaribiwe upya mahali pa pili, tayari unajua atakachokitaja: roketi ya Ariane 5, Kourou, tarehe 4 Juni 1996. Programu ya kifaa cha kupima mwelekeo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa haijawahi kukosea. Roketi mpya ilishika kasi ya mlalo kubwa zaidi. Namba ya desimali ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, haikuenea, kifaa kikazimika, sawa na pacha wake wa akiba, mwenye programu ileile. Ndani ya kama sekunde 40 roketi ilikuwa vipande, pamoja na satelaiti nne za Cluster. Na kipande chenyewe cha msimbo kilichokosea hakikuwa na kazi yoyote roketi ikishapaa. Kiliachwa kwa kuwa kilikuwepo tangu zamani na hakuna aliyetaka kukigusa. Kubali kwa heshima. Sema, "Hakika, ndugu yangu, umenena." Kisha mwombe yeye aandike majaribio.

10. Viraka

Mabadiliko yote uliyofanya kwenye msimbo wa watu yatie kwenye kiraka kimoja kikubwa, kiite misc.patch. Usiwatumie wenye maktaba, watauliza maswali. Toleo jipya likitoka, kiraka hakitashika, kwa hiyo usichukue toleo jipya.

Utetezi upo, na ni wa dhahabu. Aprili 2014, Heartbleed ilipotangazwa, ilibainika kwamba OpenSSL 1.0.1 hadi 1.0.1f zilikuwa zinavujisha kumbukumbu ya seva kwa yeyote aliyeomba kwa ujanja. Waliokuwa bado wamelala na 0.9.8 hawakuguswa na kasoro hiyo. Mara hiyo moja uvivu ulilipa, na wewe utaitaja kila mwaka mpaka ustaafu. Usitaje kasoro nyingine za 0.9.8.

11. Chukua chako uondoke

Hakikisha jina lako limeingia kwenye maelezo ya toleo: "maktaba imehamishwa na" fulani bin fulani. Weka kwenye wasifu wako siku hiyohiyo, kabla mtu wa kwanza hajaitumia. Omba kuhamia mradi mwingine. Msimamizi mpya wa maktaba awe kijana aliyeajiriwa juzi, mwenye heshima, asiyependa kuuliza wakubwa.

Siku moja ataandika mtu usiyemjua. Amekesha wiki nzima, data yake imepotea, na amefuatilia mpaka kwenye fsync yako, ile yenye mstari mmoja. Ataweka mpaka namba ya mstari. Usigombane naye, na usijitetee. Mjibu siku hiyohiyo, kwa upole: "Asante sana ndugu kwa kuligundua hili. Kazi hii ni ya kujitolea na mchango wa kila mmoja unathaminiwa. Tunasubiri kiraka chako."